Makofi ya Avoka wa Shetani

Kiti cha Godelieve kiliwekwa peke yake karibu na mlango, kikiielekea kamati nzima ya ushirika wa maharagwe. Desturi hiyo waliletewa Nyabiondo na mwalimu wa semina: kila uamuzi upate mtu wa kuupinga, hata kama moyoni anaukubali, ili makosa yaonekane mapema. Mtu huyo aliitwa avoka wa shetani, yaani wakili wake. Akimaliza, apigiwe makofi, asije akachukiwa. Godelieve alichaguliwa kwa ukali wa ulimi wake, na kazi ilimpendeza. Alipinga bei, akapinga magunia, akapinga hata urefu wa sala, watu wakacheka hadi machozi.

Siku moja ya mvua, rais wa ushirika, Papa Callixte, alitaka mzigo uondoke kesho yake. Dereva alikuwa Hilaire, mume wa Godelieve. Godelieve alisimama.

"Daraja ya mutoni imeoza. Nimepita pale asubui, miti iko inalia chini ya miguu. Gari isiende."

"Njo vile, avoka!" mtu akapaza sauti.

"Leo siko naongea ya shetani. Hii iko yangu mimi. Munisikilize!"

"Leo umepinga kupita siku zote, Mama," Callixte alisema akicheka.

Makofi yakalipuka. Hilaire naye alipiga, tena kwa fahari, na hayo ndiyo yaliyomuuma Godelieve kuliko yote. Njiani alimsihi tena. Mumewe akamjibu kwamba mkutano umekwisha, apumzike.

Kesho yake daraja lilikatika, na Hilaire akatolewa mtoni maiti. Matangani, wale wale waliopiga makofi walinong'ona kwamba mwanamke anayemsemea shetani, shetani humsikia. Kwamba kiti kile walimpa wao, hakuna aliyekumbuka. Godelieve aliwachukia wote, mmoja mmoja, kwa majina yao.

Mkutano uliofuata alikuja, akaketi pale pale. Callixte alieleza kwamba daraja limetengenezwa na mzigo uliobaki utaondoka kesho. Dereva mpya, Valens wa Nyamitaba, alikuwa ameketi mbele, kofia magotini.

"Mama Godelieve," Callixte aliuliza bila kumtazama, "uko na neno?"

Asubuhi ile Godelieve alikuwa amepita darajani. Alikuwa ameona miti mibichi, myembamba, iliyofungwa kwa kamba tu. Alimtazama Valens, kisha akawatazama wengine. Akainua mikono yake, akaanza kupiga makofi, polepole.

Wengine waliinamisha macho. Ni Valens tu, asiyezijua desturi zao, aliyetabasamu na kupiga pamoja naye.