Ulimi wa Bi Momose

Kila Jumatano, saa tano na nusu asubuhi, lango la nyuma la chuo lilifunguliwa kwa ajili ya majirani. Walipanda mteremko taratibu, wengi wao wamevuka miaka sabini, wakaandika majina kwa mlinzi, na wanaume wakavishwa utepe wa kijani shingoni, maana chuo kilikuwa cha wanawake na mwanamume hakupita hivihivi. Mzee Akahane, kinyozi mstaafu, alikuwa na mzaha wake mmoja ambao hakuchoka kuurudia: "Maisha yangu yote nimekiomba chuo hiki kinipokee. Kumbe dawa yake ni kuzeeka tu!"

Walikuja kula. Chakula hicho cha mchana kilipikwa na wanafunzi wa lishe wa mwaka wa tatu pamoja na akina mama watano wa mtaani, kisha wote wakakaa meza moja. Mwaka ule kiongozi wa wanafunzi alikuwa Hazuki Yanagisawa, msichana mpole kutoka mkoa wa Toyama. Uongozi hakuugombea. Walicheza mchezo wa mikono wa jiwe, karatasi, mkasi bwenini, aliyeshindwa ndiye achukue kazi, naye akashindwa na wenzake wote kumi na mmoja.

"Kushindwa na watu kumi na mmoja si bahati mbaya tena," alisema Chinatsu, mwenzake wa chumba. "Huo ni wito, dada."

Hata hivyo, mwenye jiko hakuwa Hazuki. Alikuwa Bi Fusae Momose, mjane wa miaka themanini na moja, mfupi, mkavu wa mwili, mwenye aproni nyeupe aliyotoka nayo nyumbani imepigwa pasi. Kwa miaka tisa sufuria ya supu ya miso ilikuwa yake. Wanafunzi walikuja wakahitimu, wakaja wengine, yeye yupo. Hakupima kitu. Alichota miso, ile rojo ya soya yenye chumvi, kwa mwiko wa mbao, akaikoroga taratibu mpaka ikayeyuka, akaonja kwa kisahani, akasema "Haya," na hapo supu imeshaiva. Wasichana walimwogopa na kumpenda vilevile. Aliwakagua kucha kabla mwalimu hajafika, na aliyemkuta na kucha ndefu alimwuliza kama anataka kupika au kupanda mti.

Mwezi wa kumi supu ilianza kuzidi chumvi.

Jumatano ya kwanza Hazuki alidhani ni ulimi wake umechoka. Ya pili, alimwona Mzee Akahane akivuta birika la maji moto, akatazama kulia na kushoto kama mwizi wa kuku, akamimina kidogo bakulini mwake. Kisha akalisogeza birika kwa jirani yake. Jirani akamimina, akalisogeza mbele. Birika likaizunguka meza nzima bila mtu kusema neno, na lilipokaribia upande wa Bi Momose likarudi lilikotoka.

Baada ya watu kuondoka, Hazuki alichota supu iliyobaki, akaiacha ipoe, akatumbukiza kipimachumvi. Darasani walifundishwa kwamba chumvi ya supu njema ni asilimia sifuri nukta nane. Kipimo kilisoma moja nukta tano. Akakifuta, akapima tena. Moja nukta tano.

"Mashine haina adabu," Chinatsu alisema, akichungulia begani kwake. "Inamsema bibi mbele za watu."

Jumatano iliyofuata Hazuki alimsindikiza Mzee Akahane hadi langoni, akamwuliza polepole kama supu haimsumbui.

"Binti, supu ile nimeinywa miaka tisa. Ukiongeza maji haina neno."

"Lakini shinikizo lako la damu, mzee wangu?"

"Liko palepale, halina pa kwenda." Mzee akavua utepe wake, akaukunja vizuri. "Mke wangu alipofariki, Fusae aliniletea chakula siku zote arobaini na tisa za msiba. Hakukosa hata moja. Sasa nani wa kumwambia kwamba supu yake hainyweki? Mimi? Bora nikatwe huu ulimi."

Hazuki akaenda kwa Mwalimu Odagiri, akiomba moyoni mwalimu aubebe mzigo ule. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, akarudisha miwani puani.

"Umepima?"

"Nimepima, Mwalimu. Mara mbili."

"Basi ukinyamaza, umepima kwa ajili ya nini? Kunywa supu yenye chumvi siku moja hakuui mtu. Lakini wale wazee nusu yao wana dawa za moyo mfukoni. Mwakani utakuwa hospitalini kwa mafunzo, unawaambia watu wazima wasichotaka kusikia. Anza hapa, kwa mtu anayekupenda."

Hazuki hakuanza. Alitafuta njia ya mkato. Alinunua miso yenye chumvi kidogo, akaijaza kwenye chombo kilekile, akanyamaza. Bi Momose alionja, akakunja uso, akaonja tena, kisha akaongeza miiko miwili mizima. Siku hiyo birika lilimalizika maji, ikabidi Chinatsu akachemshe mengine.

Katikati ya mwezi wa kumi na moja ikafika siku ya kuosha majani ya nozawana kwa ajili ya achari ya majira ya baridi. Waliyaosha uani nyuma ya jiko, kwenye mabomba, maji yakiwa baridi ya kuuma mifupa, wasichana wakipiga kelele na akina mama wakiwacheka. Kazi ilipokwisha, mikono ya Hazuki ilikuwa myekundu kama kamba wa kuchemshwa. Bi Momose aliishika, akaisugua kati ya viganja vyake.

"Njoo kwangu ukanywe chai, mjukuu wangu. Utakufa na baridi, niambiwe nimekuua mimi."

Nyumba yake ilikuwa hatua chache nyuma ya ukuta wa chuo. Ndani mlikuwa na joto. Waliingiza miguu chini ya meza yenye blanketi na hita ndani yake, Bi Momose akamimina chai, akaweka mbele yao kibakuli cha yale maharage makubwa ya zambarau, yanayopikwa kwa sukari nyingi mpaka yang'ae.

"Nimeyapika jana, taratibu, siku nzima. Kula."

Hazuki alitia harage moja mdomoni. Chumvi ilimjaa hadi puani. Machozi yakamlenga. Yalikuwa chumvi tupu, kama mtu aliyekosea mtungi, akamimina chumvi pale alipotakiwa kumimina sukari, kisha akachemsha siku nzima. Akainua macho. Bi Momose alikuwa akila la tatu, anatafuna kwa utulivu, anatazama bustani yake.

"Mazuri, sivyo?"

Hapo ndipo Hazuki alipoelewa. Bibi huyu hakuwa mbishi, wala mkono wake haukuwa umezeeka. Hakuwa akisikia ladha yoyote.

Angeweza kumeza. Kila mtu mtaani alikuwa amemeza. Lakini harage lilikuwa bado mdomoni, na mdomo wenyewe ukasema kabla hajaamua.

"Bibi, haya yana chumvi. Hayana sukari."

Bi Momose aliacha kutafuna.

"Na supu pia, Bibi. Tangu mwezi wa kumi. Nimeipima. Naomba unisamehe."

Nje ndege mmoja alishuka kwenye mti wa matunda ya kaki, akadonoa, akaruka. Bi Momose alikisogeza kidogo kikombe chake, akakirudisha palepale.

"Tangu mwezi wa saba," alisema mwishowe. "Asubuhi moja niliamka, wali ukawa kama karatasi iliyolowa. Nikasema ni joto, litapita. Joto likapita, karatasi ikabaki. Supu nilikuwa naipika kwa kukumbuka. Lakini mkono ukikosa ulimi wa kuuambia 'basi', unaongeza tu."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningewaambia, mngeniambiaje? 'Bibi, pumzika.' Kwa upole kabisa, na mngeniletea maua." Akainuka, akachukua kibakuli cha maharage, akampa kisogo. "Chai imekwisha. Nenda ukasome."

Jumatano iliyofuata hakuja. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini hawakusema anayefichuliwa hubaki na uso gani mbele ya watu, na Hazuki aliliwaza hilo wiki nzima. Wanafunzi wakapika supu wenyewe. Sifuri nukta nane, sawasawa. Majirani wakainywa mpaka mwisho, wakashukuru kwa adabu.

"Imepimwa," alisema Mzee Akahane, akiweka bakuli chini. Kisha akamtazama Hazuki. "Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

Mzee hakumlaumu, wala hakumsifu. Alivaa kofia yake akaondoka, na siku hiyo mzaha wake hakuusema.

Hazuki akarudi kwenye madaftari yake ya mwaka wa pili. Alikumbuka kwamba kuna mahali waliandika, kwa ajili ya mtihani tu, juu ya watu wanaopotewa na ladha. Alipekua mpaka akapata: upungufu wa madini ya zinki mwilini, hasa kwa wazee wanaokula kidogo, na kwa wanaotumia dawa fulani za shinikizo la damu. Mara nyingi hutibika. Alipiga mstari chini ya neno "hutibika" kwa kalamu nyekundu, kisha akaona ni utoto, lakini haukufutika.

Akaandika barua. Ya kwanza aliichana kwa kuwa ilikuwa ndefu mno. Ya pili ilieleza alichosoma, na kwamba hospitali ya mji ina daktari wa masikio, pua na koo, na kwamba yeye Jumatatu asubuhi hana darasa, angefurahi kumsindikiza. Mwishoni aliomba radhi tena, si kwa kusema kweli, bali kwa kuisema huku chakula kimejaa mdomoni. Aliitumbukiza kwenye sanduku la barua la Bi Momose, akakimbia kama mtoto aliyevunja dirisha.

Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Theluji ikaanguka.

Jumatano ya tatu ya mwezi wa kumi na mbili, wakati wasichana wanakata figili, mlango wa jiko ulifunguliwa. Bi Momose aliingia na theluji mabegani, akavua koti, akatoa aproni yake, akaifunga.

"Kucha," alisema.

Wote kumi na wawili wakanyoosha mikono kabla hawajajua wanafanya nini. Alipofika kwa Hazuki alisimama.

"Nimekwenda hospitali. Peke yangu, mimi si mtoto. Daktari ni kijana mdogo, ananipigia kelele kana kwamba mimi ni kiziwi. Damu yangu haina hiyo zinki yako. Dawa yangu moja ya shinikizo amenibadilishia, na vidonge amenipa. Anasema miezi mitatu, pengine sita. Pengine ulimi urudi, pengine usirudi."

"Bibi, nimefurahi sana..."

"Ngoja kufurahi, sufuria inachemka." Akamkabidhi kisahani cha kuonjea, kile ambacho hakuna mwanafunzi aliyewahi kukigusa. "Mimi nitatia miso. Wewe utaonja. Ikoje sasa?"

Hazuki akaonja. "Nzuri, Bibi."

"Nzuri ni salamu, siyo ladha. Ikoje?"

Hazuki akafumba macho. "Nyepesi. Mchuzi wa samaki unakuja kwanza, halafu... miso bado iko mbali."

"Enhe. Hapo sasa unasema." Akachota nusu mwiko. "Na sasa?"

Siku ile supu ilichukua dakika ishirini, na Chinatsu akaapa kwamba ameona watu wakifunga ndoa kwa muda mfupi zaidi. Ilipokuwa tayari, Bi Momose aliibeba sufuria pamoja nao hadi ukumbini, akasimama mbele ya majirani wote.

"Sina ladha tangu mwezi wa saba," aliwaambia. "Nimewanywesha chumvi. Na ninyi mnaongeza maji, mnadhani sina macho? Mimi nikadhani mnapasha moto kwa sababu ya baridi!"

Kisha Mzee Akahane akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa, na kicheko kikaenda mtu kwa mtu mpaka Bi Momose mwenyewe akaziba mdomo kwa aproni.

Majira yote ya baridi walipika hivyo. Hazuki alijifunza maneno ambayo hayamo kwenye vitabu vya lishe: chumvi inayokimbia, chumvi inayokaa, supu iliyonuna. Kipimachumvi walikitumia mwishoni tu, na hakikuwahi kuwapinga kwa zaidi ya sifuri nukta moja. Kuna Jumatano Bi Momose alikuja amekasirika bila sababu, akamfokea kila mtu, na Hazuki alijua kwamba asubuhi hiyo amejaribu tena wali wake na haukumwambia kitu. Siku hizo hakumuuliza.

Mitihani ikapita. Mwaka wa nne wakahitimu, wakapigwa picha wakiwa na mavazi yao ya mahafali mbele ya lango. Mwishoni mwa mwezi wa tatu theluji iliyeyuka kwenye ukingo wa mfereji nyuma ya bweni, na machipukizi ya kwanza ya majira mapya yakatokeza, yale mabichi ya mviringo yanayoliwa yakiwa bado yamefumba. Hazuki aliyachuma kofia nzima, akayakatakata, akayakaanga kwa mafuta na miso, akaenda nayo kwa Bi Momose yakiwa moto.

Bi Momose aliyaweka juu ya wali, akatia mdomoni. Akatafuna. Akaacha. Akatafuna tena, polepole zaidi, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza hatua za mtu barazani.

"Chungu," alisema.

Hazuki akasogea karibu.

"Chungu kwelikweli." Bibi akachota mengine kwa vijiti. "Chumvi siisikii bado. Na sukari umetia?"

"Kidogo, Bibi."

"Sukari siisikii. Lakini uchungu huu, mjukuu wangu, umenifikia mpaka nyuma ya masikio."

Akala bakuli lote, chozi moja likimshuka ambalo hakulifuta. Kisha akaweka vijiti chini, akamtazama Hazuki kwa macho yaleyale ya kukagulia kucha.

"Umeyachelewesha kwenye moto. Yamelegea. Yapo mengine pale mferejini?"

"Yapo."

"Basi nenda upesi kabla Akahane hajayaona. Mimi naosha kikaango."

Hazuki akachukua kofia yake, akavaa viatu, akatoka.