Hodi ya Tatu

Sayari ile ina jina la kitaalamu, herufi mbili na nambari nyingi. Sisi tuliiita Shangazi, kwa sababu ilisikia kila kitu, ikarudia kila kitu, wala haikungoja kukaribishwa.

Kila mti wa Shangazi ulivikwa mmea wa kutambaa, majani yake kama masikio ya punda, na mmea huo uliiga sauti. Tukauita kasuku. Useme neno asubuhi ukiwa njiani, mchana utalisikia nyuma ya kambi kwa sauti yako mwenyewe, hata mafua yako yamo. Kusikia hakukuwa na dhara. Dhara lilikuwa kujibu. Kasuku akijibiwa anajua pumzi iko wapi, na anaifuata.

Wakubwa walituchagua sisi wa Kilifi eti tumezoea joto na msitu. Mimi msitu wa Arabuko nimeuona kutoka kwenye tuktuk, nikipeleka abiria Gede, tena kwa mwendo wa kasi.

Wiki ya kwanza mwenzetu Nzai alikuwa amejilaza, akasikia "Hodi!" mlangoni, akajibu "Karibu!" kama alivyojibu tangu aanze kusema. Kwetu kuiacha hodi bila jibu ni kama kumtemea mgeni mate. Kasuku alipasua ukuta wa chuma kama karatasi ya maandazi. Nzai alirudishwa nyumbani na mguu mmoja, na Sajenti Mueni akachukua rangi nyekundu akaandika ndani ya mlango: USIJIBU.

Siku ninayoisimulia, mwenzangu Uweis alikuwa nje. Alikwenda mtoni kutengeneza pampu ya maji, kazi ya saa mbili. Sasa saa ya tano ilikuwa imepita, redio yake kimya, na kichujio cha hewa usoni mwake hudumu saa sita. Hewa ya Shangazi ukiivuta tupu, unakufa kabla hujamaliza kutamka shahada.

Na ilikuwa zamu yangu. Nilisema nina lengelenge mguuni. Nilikuwa nalo kweli, ila dogo, la kumzuia mvivu. Uweis alicheka, akabeba mkoba wa vyombo. "Pumzika, yakhe. Wewe miguu yako ni magurudumu."

"Mwaringa, kaa," alisema Sajenti Mueni.

"Nimekaa, Sajenti."

"Umekaa huku unatembea?"

Nikakaa. Nikakaza skrubu ya meza. Nikailegeza. Nikaikaza tena.

"Niruhusu nimfuate."

"Njia ipi? Kuna tatu, na dakika zimebaki arubaini. Nikupoteze na wewe?"

Ndipo sauti ilipokuja, upande wa mlangoni. "Hodi!"

Ilikuwa ya Uweis. Nikaruka. Sajenti akanishika ukosi, bunduki mkono wa pili.

"Hodi! Hodi! Hodi! Hodi! Hodi!" Kisha ikageuka, ikawa sauti ya Nzai, yule ambaye wakati huo alikuwa kwao anajifunza kutembea upya. "Hodi! Hodi! Hodi!" Bila pumzi, bila kuchoka.

"Umesikia?" Sajenti akanong'ona. "Kasuku."

Nikarudi kwenye skrubu yangu. Dakika ishirini na tano. Kumi na nane. Nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kumwambia mama yake Uweis.

Mama yake namjua. Kabla hatujaondoka nilikwenda kumchukua Uweis kwao Mambrui. Nilikuwa na haraka, nikabisha hodi kama kumi hivi mfululizo, nikaongeza na ngumi. Bi Hafswa akatoka taratibu, mtandio kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kwenu kunaungua?"

"La, mama."

"Basi hodi ni tatu, mwanangu. Usipojibiwa, unarudi ulikotoka. Huenda walio ndani hawako tayari kuonana nawe."

Uweis nyuma yake alicheka mpaka akainama.

"Hodi," ikaja tena sauti ya Uweis, mlangoni petu kambini.

Kimya.

"Hodi."

Kimya kirefu. Sajenti hakuinua hata uso.

"Hodi hapa."

Kisha basi. Nikangoja ya nne. Haikuja. Nikasimama, skrubu ikaanguka.

"Sajenti, ni yeye!"

"Kaa."

"Kasuku hajui kunyamaza! Huyu amebisha tatu, amengoja kila mara, sasa anaondoka. Sajenti, mtu anakufa kwa adabu pale nje!"

"Amri ni kutojibu."

"Sijibu. Nafungua tu."

Aliniangalia. Kisha akaangalia saa: dakika tisa. Akanitupia barakoa, akaelekeza bunduki mlangoni. "Neno moja likikutoka, nafunga."

Nikafungua. Mwanga mweupe ukanipiga machoni. Uweis alikuwa hatua thelathini mbele, amenipa mgongo, anayumba kuelekea ghala la vichujio vya akiba ambalo asingelifikia. Redio hakuwa nayo. Nikajaza kifua nimwite, na majani yote, pande zote, yakageuka kunitazama mimi.

Nikafunga mdomo. Kumkimbilia singeweza, mizizi ilijaa njiani na kila ukiikanyaga inalia. Basi nikavua kiatu, kile cha mguu wa lengelenge, nikamtupia. Kikampata katikati ya mgongo.

Akageuka. Akaniona mguu peku mlangoni, nikimpungia mikono kama kondakta. Akaja, polepole, akichagua pa kukanyaga. Hatua tano za mwisho alizimaliza kwa magoti. Nikamvuta ndani, Sajenti akafunga, nami nikamng'oa barakoa. Midomo yake ilikuwa ya buluu.

"Redio... imezama mtoni," alisema alipoweza.

"Na wewe unabisha tatu, unajiondokea? Hapa ni kwa nani, kwa mkweo?"

"Ya nne ungejibu, Mwaringa. Nakujua." Akavuta pumzi. "Mguu mmoja wa Nzai unatosha."

Nikamwambia kweli, kwamba lile lengelenge halikuwa kitu.

"Najua," alisema. "Ulikuwa unachechemea mguu wa pili."

Sajenti Mueni akacheka, mara ya kwanza tangu tufike. Hakumaliza.

"Hodi," sauti ilisema nje. Ya Uweis.

Uweis alikuwa miguuni petu, mdomo umefungwa.

Kimya.

"Hodi."

Kimya kirefu.

"Hodi hapa."

Kisha basi. Tukangoja ya nne, sote watatu, na haikuja.

"Kasuku amejifunza," alisema Sajenti.

Uweis akanivuta suruali. "Kesho ni zamu yako mtoni?"

"Yangu."

"Redio ikikufia, bisha kama ulivyobisha kwetu."

"Ovyo?"

"Ovyo kabisa. Na ngumi. Kasuku anaiga sauti, ngumi hana."

"Mwaringa," alisema Sajenti, "kaa."

Nilikuwa nimekaa. Miguu tu ndiyo ilikuwa bado inatembea, mmoja na kiatu, mmoja bila.