Hema Lisilopumua

"Hema hili nimelishona mimi," Redio alitangaza, akilipiga kofi ubavuni kama mtu anayesifu ng'ombe wake mnadani. "Upepo ukitaka kuingia humu utabisha hodi, na hodi yenyewe haitaitikiwa. Maji ndiyo kabisa, hayaingii hata yakija na barua ya utambulisho. Kesho asubuhi mtaamka wakavu kama biskuti."

Msomaji, lishike hilo neno biskuti. Tutalihitaji kabla ya chai ya asubuhi.

Jina lake la kuzaliwa walilijua mama yake na mwalimu wa nidhamu. Wengine wote walimwita Redio, kwa sababu ukishamwasha hapatikani swichi ya kumzimia. Alikuwa mshonaji kwenye karakana ya shangazi yake, chumba kirefu nyuma ya maduka ya vyuma, chenye cherehani nne kwenye ukuta wa madirisha na meza moja pana katikati. Miaka nenda miaka rudi walishona maturubali ya arusi, ya misiba, ya mikutano. Ni vitu visivyo na kuta: watu hukaa chini yake, hula, hulia, kisha huenda kulala kwao. Kwa hiyo ilikuwa karakana nzima ya mafundi wa mahema ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulala ndani ya hema. Kinyozi mwenye upara, basi.

Ndipo kikaja kikundi cha wapanda milima kutaka mahema madogo ya kulala, yaliyofungwa pande zote. Redio aliomba la kwanza ashone yeye peke yake, na Shangazi akakubali kwa sharti.

"Mimi siuzi nisichokilalia," alisema. "Tutalipeleka mlimani, tutalala humo sote. Likifika asubuhi bila kasoro, nitakupa mkasi."

Mkasi! Sasa hapo ndipo penye roho ya hadithi. Ulikuwa mkasi mkubwa wa chuma cheusi, mpini umezungushiwa kitambaa, na ulikuwa wa marehemu baba yake Shangazi. Karakanani yeyote aliweza kushona, lakini aliyekata alikuwa mmoja tu. Anayekata ndiye fundi. Anayeshona hufuata tu njia aliyochorewa. Redio alikuwa amefuata njia za watu tangu amalize kidato cha nne, na ule mkasi alikuwa akiuota hata mchana, macho wazi, mguu uko kwenye pedali.

Basi wakapanda pikapu, watu watano. Shangazi alikaa mbele, mkasi kwenye mkoba, mkoba mapajani. Nyuma walikaa Redio na binamu yake Sindano, binti wa Shangazi, mwembamba na mchomaji kama jina lake. Pamoja nao alikuwepo Matundu, fundi wa kutoboa turubai na kutia pete za chuma za kupitishia kamba. Wa tano alikuwa dereva, bwana wa makamo ambaye ukimsalimia asubuhi huenda akakujibu jioni.

"Redio, kaka yangu," Matundu alisema njiani, "ungeniachia nikutobolee japo tundu moja kule juu. Watu wanne humo ndani, na pumzi zao?"

"Wewe hata puto ukiliona unataka kulitoboa."

"Ndiyo kazi yangu."

"Kazi yako ni matundu, yangu ni hema. Hema lenye tundu ni chujio."

"Mwache," alisema Sindano. "Akikosa hewa atapumua sifa zake."

Walicheka mpaka pikapu ilipopinda kona ya mwisho. Hapo kicheko kikakatika chenyewe, kama uzi.

Mlima ulikuwa mbele yao wote mzima, bila mti, bila jani, bila kitu cha kujisitiri. Ulikuwa umelazwa tabaka juu ya tabaka kama marobota kwenye rafu ya duka: nyekundu, ya kahawia, ya kijivu, kisha nyekundu tena iliyoiva zaidi, mpaka juu kabisa ambako jua la alasiri lilikuwa limeshika kilele na halikutaka kukiachia. Nyuma yao jangwa walilolivuka tangu asubuhi lilikuwa limekuwa kitu chembamba, kama mkeka uliosahauliwa nje. Dereva alizima injini. Kimya kilichoshuka hakikuwa kile cha karakanani cherehani zikisimama. Kile wanakijua. Hiki kilikuwa kimya ambacho hakijawahi kusikia habari za cherehani.

Redio alikivumilia kidogo tu. "Oyaaa!" alipiga kelele kuelekea bondeni, akatega sikio.

Sauti ilikwenda. Walingoja. Haikurudi.

"Hata mwangwi umekukataa," alisema Sindano, lakini kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila viatu.

Walisimamisha hema kwenye bega la mlima, mahali palipokuwa na tambarare ndogo. Vigingi viligoma kuingia kwenye mwamba, wakafunga kamba kwenye mawe makubwa. Jua lilipozama, baridi haikuja polepole kama baridi ya mjini. Iliingia kama mwenye nyumba. Wakanywa chai na mkate, vidole vimekumbatia vikombe, na nyota zikaanza kutoka. Mwanzoni Matundu alikuwa akizionyesha kwa kidole, ile pale, na ile. Baadaye aliacha, maana kidole hakikuwa tena na pa kuelekea pasipo na nyota.

"Mungu wangu," Shangazi alisema. "Turubai lote hili, na matundu yote haya."

"Kazi ya mwenzangu hiyo," alisema Matundu, na hata yeye mwenyewe hakucheka.

Redio aliangalia juu pamoja nao. Halafu akakumbuka kuwa kuna mkasi wa kugombea. "Haya, tulaleni! Hema linawasubiri wageni wake."

Maji ya kunywa yasigande, Sindano alikaza kifuniko cha jerikeni, akaliingiza ndani. Dereva alisema ataenda kulala kwenye pikapu, na huo ndio ulikuwa mchango wake wa siku. Wanne waliobaki wakajipanga kama viberiti, wakajifunika blanketi hadi kichwani. Redio akavuta zipu mpaka mwisho, na kweli, hata sindano ya hewa haikupita. Alilala akitabasamu.

Kilichomwamsha kulipoanza kupambazuka ni kitu baridi kwenye kope. Akakipangusa. Kikaanguka kingine, puani. Aliwasha tochi, akaielekeza juu, akasahau kupumua.

Paa lote la hema, kutoka mshono hadi mshono, lilikuwa limeota barafu. Ilikuwa nyembamba, yenye manyoya madogo madogo meupe, na kila unyoya ulikuwa umeudaka mwanga wa tochi na kuurusha kwa mwenzake. Pumzi za watu wanne, zilizonyimwa pa kutokea, zilikuwa zimepanda, zikaganda, zikajishona zenyewe juu ya vichwa vyao. Kilikuwa kitu kizuri kuliko chochote alichowahi kukiona chini ya paa. Kwa muda alikitazama tu, shingo imepinda, kama mtoto aliye chini ya taa za sherehe.

Halafu akili ikarudi na mahesabu yake. Barafu ni maji. Jua litatoka. Jua likigusa turubai...

Biskuti, msomaji. Biskuti zitalowa.

Kufuta hakukuwezekana. Alipogusa kwa kidole tu, kipande kikamdondokea Matundu kwenye blanketi, na Matundu akakoroma kwa hasira. Macho ya Redio yakazunguka humo ndani yakitafuta wa kumsingizia, yakatua kwenye jerikeni. Akalifungua polepole, akachomoa kile kipete cha mpira kilicho ndani ya kifuniko, akafunga tena, akalilaza jerikeni ubavu. Tone likatoka. La pili likafuata. Tayari. Hema lisilo na kasoro, jerikeni bovu. Kwamba jerikeni lilifungwa na binamu yake hakulifikiria. Au alilifikiria, akalifunika blanketi.

Alikibana kipete kidoleni, akatoka akikanyaga kwa ncha za miguu, akafunga zipu nyuma yake. Aliazimia kukitupa mbali, pale bega la mlima linapokatika kuelekea bondeni. Akapanda kati ya mawe, meno yakigongana, akafika ukingoni, akainua mkono.

Jua lilikuwa linachomoza upande wa pili wa kilele, mgongoni kwake. Mbele yake ardhi ilishuka, ikashuka tena, mpaka ikawa jangwa tupu lililofunikwa na vumbi la zambarau. Na juu ya jangwa hilo lote, kutoka miguuni pake hadi ukingo wa dunia, kilikuwa kimetandazwa kivuli cha mlima. Kilikuwa cha pembe tatu. Kingo zake zilinyooka pasipo kasoro, kana kwamba zimekatwa na mkono usiojua kutetemeka, na ncha yake iligusa mahali ambapo mbingu inaanza.

Hema, aliwaza. Hilo ni hema.

Alitafuta mshono kwa mazoea ya kazi. Hapakuwa na mshono. Alitafuta kamba, vigingi, mahali ambapo fundi alichoka akaunganisha kipande. Hapakuwa. Mabonde mazima yalikuwa yamelala ndani yake bado, na nje ya kingo zake mwanga ulikuwa unamwagika juu ya mchanga kama shaba iliyoyeyushwa. Kisha akaona kwamba kinasogea. Taratibu mno, ncha ilikuwa inarudi kutoka ukingoni mwa dunia, inamjia yeye, kama kuna mtu huko mbali ambaye ameamka na ameanza kulikunja hema lake.

Redio alitafuta mzaha. Siku zote ulikuwepo mmoja mfukoni, hata msibani. Akapekua, akakosa. Magoti yakaacha kazi bila kumwomba ruhusa, akayakuta yapo vumbini, mkono ambao ulikuwa juu umeanguka ubavuni, mdomo wazi na hakuna kinachotoka. Alikaa hivyo mpaka kivuli kilipofika kwenye mawe ya bega la mlima. Ndipo akasikia kelele kutoka hemani, akaruka, akakimbia, akiwa na hakika kwamba kipete alishakitupa.

Jua lilikuwa limeligusa turubai, na ndani ya hema, katika nchi kavu kuliko zote alizowahi kukanyaga, mvua ilikuwa inanyesha.

"Mvua!" Shangazi alitoka kwa magoti na mikono, kilemba kimelowa. "Jangwani! Mbingu nyeupe, na mimi nanyeshewa!"

Matundu alifuata nyuma yake akitiririka ndevu. "Biskuti zako hizi hapa," alimwambia Redio. "Umezichovya chai."

"Tulieni, tulieni," alisema Redio, na Redio ikawaka. "Mimi nimeamka mapema kukagua kamba. Tatizo nimeshalijua, na si la hema. Tazameni jerikeni! Linavuja usiku kucha. Maji yamevuja, sisi tumeyapasha moto kwa miili yetu, yamekuwa mvuke, mvuke umepanda juu ukakuta baridi, umeganda. Hii ni fizikia ya kidato cha pili. Hema limefanya kazi yake kuliko inavyotakiwa: halikuruhusu hata huo mvuke kutoroka."

Shangazi aliliinua jerikeni. Maji yalimchuruzika hadi kiwikoni. Akamgeukia binti yake.

"Hivi ndivyo unavyofunga maji, katika jangwa?"

"Mama, nililikaza! Nilikaza mpaka kiganja kikauma."

"Kiganja kiliuma na maji yametoka. Tungekuwa na safari ndefu ungetuua."

Sindano alimwangalia Redio, Redio akaangalia kamba. Ilikuwa kamba ya kawaida kabisa, lakini aliisoma kama gazeti.

Shangazi alilizunguka hema. Alivuta mshono huu, akauvuta ule, akapitisha ukucha kwenye pindo. "Mishono haina neno," alisema mwishowe. "Ahadi ni deni." Akafungua mkoba, akatoa mkasi. Kwenye mwanga ule wa asubuhi chuma cheusi kiling'aa kama kimetoka kwa mhunzi juzi. Redio aliupokea kwa mikono miwili. Ulikuwa mzito kuliko alivyouota. Matundu akapiga makofi, kidogo, kwa sababu alikuwa bado anatetemeka.

Hapo ndipo dereva aliposhuka kutoka kwenye mawe ya juu, taulo begani, mswaki mdomoni. Alikuja taratibu mpaka katikati yao, akautoa mswaki, akatema povu pembeni kwa adabu.

"Kijana," alisema, "umeangusha hiki."

Kwenye kiganja chake kulikuwa na kipete cha mpira.

Sindano alikinyakua kabla mtu hajauliza. Akafungua kifuniko cha jerikeni, akakipachika kipete, kikakaa mahali pake kama jino. Akafunga, akaligeuza jerikeni kichwa chini miguu juu. Hata tone.

"Amekiangusha wapi?" Shangazi aliuliza, polepole sana.

"Kule ukingoni. Alikwenda kukitupa. Aliinua mkono, hivi." Dereva aliinua wa kwake, na mswaki ndani yake. "Halafu akakiona kivuli cha mlima, akapiga magoti. Mimi nilikuwa nyuma ya jiwe, napiga mswaki. Mdomo umejaa povu, na mtu yuko na Mola wake, ningesemaje? Nikangoja. Alikaa sana. Hakusema hata neno."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoyatoa tangu mjini.

"Redio?" alisema Matundu. "Hakusema hata neno?"

Macho manane yakateremka pamoja hadi kwenye suruali ya Redio. Vumbi la mlima ule lilikuwa jekundu, na lilikuwa limeacha mihuri miwili ya mviringo, mmoja kwa kila goti. Redio alijaribu kuifunika kwa mkasi. Mkasi ulitosha goti moja.

Shangazi alimtazama, kisha akatazama kule juu ukingoni, kisha akamtazama tena. Alionyesha paa la hema kwa kidevu.

"Kata tundu la hewa hapo," alisema. "Matundu atakuonyesha ukubwa. Ukimaliza, unirudishie mkasi wangu. Halafu utanipeleka hapo ulipopigia magoti."