Raundi Nne za Wakili

Kocha hakujua kufundisha kitu bila kupiga. Vijana wake wa ndondi aliwapiga, hilo sawa, ndio mchezo wenyewe. Ila binti yake alipotaka kusomea sheria, mtihani wa kuingia chuoni nao akaufundisha kwa ngumi, na hapo mimi namwita mwehu, awe kocha, awe nani.

Binti huyo pale ukumbi wa mazoezi walimwita Wakili, kwa utani. Alipofeli mtihani mara ya pili utani ukakoma, maana siku hiyo Kocha alimvunja jino mbele ya watu. Mtihani wenyewe unaruhusiwa mara tatu tu. Hii ilikuwa ya tatu, na Wakili aliutaka kufa na kupona, kwa sababu moja: wanaofaulu hupewa bweni chuoni, mji mwingine, mwendo wa siku nzima kutoka ulipo mkono wa baba yake.

Nao si mtihani wa kuchezea. Una sehemu nne, kila moja dakika thelathini na tano. Ya kwanza ni kusoma na kuelewa, kurasa nne za watu wasiopenda kueleweka. Ya pili ni mantiki: unapewa hoja, unatafuta penye kasoro. Ya tatu ni upangaji, ile inayoliza watu wazima. Mashahidi saba, siku saba, wa tatu hafuatani na wa tano, wa kwanza haji mpaka wa sita awe ameshakuja, haya sema nani alifika Jumatano! Ya mwisho insha. Wanaingia watu mia nane, nafasi ziko sitini.

Kocha aliposikia sehemu nne, yeye alisikia raundi nne. Akaweka meza katikati ya ulingo, akamketisha binti yake, akapiga kengele. Ikibaki dakika tano alipiga tena, kisha akaja nyuma yake kimyakimya, karatasi ya majibu mkononi, akamshika bega na kuchungulia. Akikuta kosa, ngumi ikashuka, ya sikio, ya mbavu, popote pale.

"Akili yako inalala," alisema. "Mimi naiamsha."

"Baba, kwenye mtihani hakuna mtu wa kunipiga."

"Ndiyo maana unafeli."

Nyumbani mama yake alimkanda kwa maji ya moto na kumwambia, "Jikaze, mwanangu." Zaidi ya hapo mama hakuwa na ubavu, naye alikuwa na makovu yake.

Wiki ya mwisho, alasiri moja, mkono ulipotua begani Wakili hakungoja. Aligeuka akiwa kwenye kiti na kumtwanga baba yake ngumi ya kushoto iliyompasua mdomo. Magunia yote ya kupigia ngumi yakaacha kulia. Wakili akajua leo ndiyo leo. Kocha akajifuta damu, akaitazama kiganjani, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

"Sasa umeiva!" akasema. "Ukiguswa, piga. Usiulize."

Kwa miaka ishirini na minne hakuwahi kumsifu. Wakili alifurahi, nasema kweli, alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Siku zote zilizobaki walifanya hivyo: akiguswa, anageuka, anapiga. Na ajabu ni kwamba majibu yake yalinyooka, kwa sababu hofu ilikuwa imempungua.

Jumamosi asubuhi Kocha alimfikisha getini na kubaki kumsubiri. Ndani, Wakili aliipita sehemu ya kwanza bila kutoka jasho. Kwenye mantiki alikwama mara mbili tu. Upangaji aliumaliza wote, mashahidi wote saba wakakaa mahali pao, na hapo akaliona bweni, kitanda chake na mlango anaoufunga mwenyewe.

Insha iliuliza kama mji ubomoe soko ujenge hospitali. Wakili aliinama akaandika kama anafukuzwa. Kengele ya dakika tano ikalia. Msimamizi, mama mmoja mwalimu mstaafu mwenye viatu laini, alikuwa akipita katikati ya madawati akaona binti yule hajaandika namba yake ya mtihani. Karatasi isiyo na namba haisahihishwi. Kusema kwa sauti hakuruhusiwi, basi yule mama akanyoosha mkono amwonyeshe, akamgusa bega.

Ngumi ilimpata tayani. Ukumbi mzima ulisikia mfupa ukivunjika. Yule mama alianguka, kichwa kikagonga ncha ya dawati, damu ikaruka hadi kwenye karatasi za jirani. Mtu akapiga ukelele. Wakili alikuwa amesimama wima, mikono juu, kidevu ndani, na kwa nukta moja alingoja asifiwe. Kisha akamwona aliyelala chini. Akapiga magoti, akamshika mkono, akamwita, "Mama, mama, nisamehe," huku yule mama akitokwa na damu mdomoni.

Askari wawili walimtoa na pingu. Getini Kocha akajitupa mbele ya askari.

"Amefanya nini?"

"Amempiga msimamizi, taya limevunjika," askari akasema. "Na mtihani ndio umekwisha hivyo."

"Ngumi moja?" Kocha akauliza. Uso ulikuwa umemng'aa. "Ya kushoto?"

Wakili alimtazama baba yake na kitu kikakatika ndani yake. Akamgeukia askari.

"Afande, yule mama nimempiga mimi, sikatai. Ila nataka kutoa maelezo yangu sasa hivi, huyu akiwa hapa. Anza na mimi nikiwa na miaka sita."

"Nyamaza!" Kocha akafoka.

"Nikiwa na miaka sita alinivunja mkono. Nikiwa na tisa..."

Kocha akamshindilia ngumi ya uso, mbele ya askari wawili na watahiniwa waliojaa madirishani. Wakili aliiona ikija tangu mbali, na kuikwepa alijua vizuri sana. Hakuikwepa. Askari walipomrukia Kocha na kumlaza chini, Wakili alitema damu na kuinua uso.

"Andika na hiyo, afande."