Glavu za Mutheu

Niseme mapema nisije nikaonekana mwema: glavu zile nilizificha mimi. Zilikuwa za sufu ya manjano, zimefumwa kwa mkono, na mgongoni mwa kila moja herufi L nyeusi. Mutheu ndiye aliyezifuma. Mutheu ni mke wa Ronald, na Ronald alikuwa mume wangu kabla hajahamia Voi kufundisha na kupata huko mambo yake mengine ya kujifunza.

Lynn ni wangu. Nilimzaa hapa Werugha, juu milimani, miaka kumi na mitano iliyopita, na hadi mwaka juzi hakuna mtu mwingine aliyemfunga hata kifungo cha sweta. Kisha vidole vyake vikaanza kubadilika rangi. Akigusa maji ya asubuhi au chuma cha lango, vinageuka vyeupe pe, halafu samawati, halafu vyekundu, na ni hapo kwenye wekundu ndipo alipokuwa akilia. Daktari alitueleza kwamba mishipa midogo ya vidoleni inajifunga ikipata baridi, damu inakosa njia. Ni ugonjwa wa kuishi nao, akasema, ila ukiujulia hausumbui sana. Akaniuliza tunaishi wapi. Nilipomwambia Werugha, akatazama ukungu dirishani, kisha akauliza kama hatuna mtu wa familia mahali penye joto.

Mtu tulikuwa naye. Shida ni kwamba alikuwa yule.

Nikamfungia mwanangu begi kwa mikono yangu mwenyewe, nikampeleka Voi, kwenye joto la kuwafanya kuku wahamie kivulini saa tatu asubuhi. Tangu siku hiyo, habari za vidole vya mtoto wangu nazipata kwa mdomo wa Mutheu. Kila Jumapili baada ya kanisa ananipigia. "Dada, wiki hii vimebadilika mara mbili tu." Ati asitoe soda kwenye friji kwa mkono mtupu. Ati si mikono peke yake, tumbo na miguu nayo ikae na joto, kwa hivyo soksi hata Voi. Ati vikianza, azungushe mkono kama anayerusha jiwe, au avitie kwapani. Mimi, mama mzazi, naitikia "sawa, sawa" kama mtoto wa chekechea, na roho inaniuma kwa sababu yote anayosema ni kweli.

Mutheu hana mtoto. Ana duka la vitambaa, na wateja wake wanamwita Mama Lynn. Nilisikia kwa masikio yangu siku niliyopita hapo. Mama Lynn! Jina hilo nililipata kwa uchungu wa usiku mzima na nusu ya siku, na yeye analiitikia huku akikata kitambaa.

Agosti hii Lynn aliruhusiwa kuja wiki mbili. Ronald alinipigia kunipa masharti. "Lois, akipata shida huko juu, hii ndiyo ya mwisho. Itabidi wewe ndiye uwe ukishuka kumwona." Nikamjibu kwamba nilikuwa nikimlea mtoto huyo yeye akiwa bado anatafuta miwani ya kumwonea. Lakini maneno yake sikuyasahau.

Lynn akafika, mrefu, amenenepa kidogo, na hilo nalo likanichoma. Akatoa vitu vyake kitandani: sweta mbili, soksi, vidonge, na glavu zile. "Mum amesema nizivae kabla sijatoka kwa blanketi," akaniambia. Mimi ananiita mama. Yule ni mum. Kisha, akidhani simwoni, akazipitisha glavu shavuni.

Kesho yake asubuhi, alipoenda kuoga, nilizichukua nikazisukuma ndani kabisa ya debe la maharagwe. Sikufikiri sana. Aliporudi akazitafuta begini, chini ya kitanda, nyuma ya mlango, nami nikatafuta naye bila haya. Hata godoro nililiinua.

"Labda ulizisahau Voi," nikasema.

Akanitazama. "Labda."

Siku nne zilizofuata zilikuwa zangu. Nilimkatia soksi kuukuu akazivaa mikononi. Nikishamaliza kukamua, anakuja kukaa nami jikoni, anatia vidole kwapani mwangu, anacheka nikiruka kwa ule ubaridi. Mtaa mzima ulinisikia nikiimba. Nilimpa maziwa ya moto, nikamfunika shuka mabegani, nikawaza: haya, Mutheu, kumbe si uchawi.

Siku ya tano ilikuwa mkesha wa soko. Karoti zilikuwa zimerundikana kwenye bomba la nje na gari la mboga lilikuwa njiani. Nilimwambia Lynn asiguse maji. Nilipokuwa nafunga kabichi kwenye magunia, akaona nimelemewa, akainama bombani kunisaidia kuosha. Nilipogeuka, vidole vyote vilikuwa vimegeuka chaki mpaka kwenye viganja.

Nikamkokota jikoni. Kwenye meko palikuwa na sufuria ya maji. Nikayamimina kwenye karai, nikaongeza ya baridi, nikayapima kwa mkono wangu. Sasa mikono yangu nayo muijue: huu ni mwaka wa ishirini naepua sufuria bila kitambaa. Sisi wanawake wa huku tunapokezana makaa kama wengine wanavyopokezana chumvi. Maji yakaniambia ni ya vuguvugu tu.

"Tia, mwanangu. Unasikia?"

"Sisikii kitu, mama."

Nikaongeza ya moto. Akakaa hivyo, mikono majini, ametulia, nami nikijisifu moyoni. Kisha damu ikarudi, na yeye akapiga ukelele ambao ng'ombe aliuitikia zizini.

Nilishika simu. Sikumpigia Ronald, wala muuguzi. Kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimempigia Mutheu, na akashika papo hapo.

"Nimemchoma," nikasema. "Vidole. Nimemchoma na maji."

Hakupiga kelele. Laiti angenipigia kelele! "Dada, sikia. Usimpake kitu, si mafuta, si dawa ya meno. Usimpeleke kwa bomba, hiyo baridi itafunga damu tena. Chukua maji yaliyokaa ndani ya nyumba, uyamwagilie polepole, dakika ishirini. Mfunike mwili wote na blanketi. Kisha mpeleke hospitali." Halafu akauliza, "Uliyapima kwa kiwiko?"

"Kwa mkono."

"Na glavu je? Si alikuwa na glavu?"

Lynn, machozi yakimtiririka, akainamia simu iliyokuwa mkononi mwangu. "Mum, nilizipoteza kwa gari nikija. Niliogopa kukuambia. Pole."

Nilimmwagilia maji bila kuthubutu kumtazama usoni.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alimfunga vidole vitatu vilivyotoka malengelenge, akasema vitapona, pengine hata alama isibaki. Tulirudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Nikaenda kwenye debe, nikatia mkono mpaka kwenye kiwiko, nikazitoa glavu nikaziweka mapajani mwake.

"Nilizificha mimi."

"Najua."

"Umejua lini?"

"Siku ileile. Si uliniambia nichote maharagwe ya kupika? Nikazipata. Nikazirudisha."

"Ukakaa na hiyo baridi siku nne, Lynn? Kwa nini?"

Akageuza mkono wenye bandeji, akautazama. "Ulikuwa umefurahi, mama. Sijakuona ukiwa hivyo tangu niende Voi."

Nilitoka nje. Nililia nyuma ya zizi mpaka kamasi zikanitoka, nikajifuta kwa leso, nikampigia Mutheu tena. Nilijua ninachokitia hatarini. Akimwambia Ronald, basi, ndiyo imetoka hiyo; nitakuwa mgeni wa kushuka Voi kumsalimia mwanangu sebuleni mwa mwingine. Lakini mtoto alikuwa amenibebea uongo kwa vidole vilivyoungua, na huo sikuweza kumwachia.

"Hakuzipoteza," nikamwambia. "Nilizificha. Nilikuonea wivu. Bado nakuonea."

Nikasikia cherehani ya dukani kwake ikisimama.

"Dada," akasema hatimaye, "wewe uliambiwa wiki mbili. Zilikuwa ziwe tatu. Ni mimi nilimwambia Ronald ati kuna masomo ya likizo shuleni. Hakukuwa na masomo. Akianza tu kupanga begi kuja kwako, mimi silali. Naomba aamke na kahoma kidogo, asije."

Wiki nzima ya mwanangu! Nikafungua mdomo nimpe zake zote nilizomwekea miaka miwili, nikakuta kwamba kila neno ninalotaka kumwambia linanihusu na mimi pia. Nikaufunga.

"Ronald utamwambia?" nikamwuliza.

"Nimwambie lipi sasa, dada?" akasema. "Lako ama langu?"

Mpaka leo Ronald hajui hata moja, na Desemba Lynn anakuja kwa wiki tatu.