Shingo ya Mgonjwa wa Kitanda cha Tisa

Daktari Kahambu alikuwa na sheria moja ambayo wanafunzi wake wa mwaka wa tatu waliichukia kuliko mtihani wowote: dakika tano za kwanza kando ya kitanda, mikono nyuma na mdomo umefungwa. Tazama tu. Baada ya hapo uulize, kisha uguse, ugonge kwa vidole, na mwisho kabisa ndipo utumie stethoskopu. Mwanafunzi aliyeingia wodini akiwa ameshaivaa masikioni alirudishwa mlangoni. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Butembo, ng'ambo ya mpaka wa magharibi, na Kiingereza chake cha kufundishia kilimtoka taratibu. Akichukizwa alihamia kwenye Kiswahili cha kwao, na hapo wanafunzi walijua kuna mtu ataumia.

Nabalayo alipewa kitanda cha tisa. Wazazi wake walikuwa Wakenya waliouza mabati na misumari mtaa wa Bwaise, Kampala, na mwaka ule wa 1988 baba yake alikuwa amemwonya mara nyingi achunge ulimi. Serikali mbili zilikuwa hazielewani mpakani, na Mkenya aliyeuliza maswali mengi Kampala alitazamwa kwa jicho la pembeni. Nabalayo alimsikiliza baba yake, kisha akaenda kusomea kazi ambayo nusu yake ni kuuliza maswali.

Faili lilisema mgonjwa anaitwa Otim, muuza makaa wa soko la Kalerwe, umri miaka arobaini. Tumbo lake lilikuwa limejaa maji hata kitovu kimetokeza nje, ilhali mikono imekonda na pumzi ni za kukatika. Shingoni alizungusha taulo la buluu na kulibana kwa pini. Nabalayo alisimama dakika zake tano akimtazama, lakini aliona wazi kwamba anayechunguzwa ni yeye. Macho ya mtu yule yalipita kwenye viatu vyake, kalamu yake, karatasi zake, yakarudi usoni na kutulia.

Alipoanza kumuuliza, majibu yalikuja kila moja na sura mbili. Ugonjwa ulianza mwaka jana, halafu ukawa umeanza juzi. Pombe hanywi, halafu anakunywa kama watu wote. Na Kiswahili chake hakikuwa cha sokoni. Watu wa Kalerwe waliuza nyanya kwa Kiluganda. Huyu aliongea kwa mkato, kama mtu aliyezoea kupokea amri, na Nabalayo, kama kila mtu mjini, alijua Kiswahili kile hufundishwa wapi: kwenye kambi za jeshi. Akaanza kumtilia shaka. Muuza makaa gani ana kucha safi namna ile?

Alimwomba afungue taulo. Mgonjwa akakataa.

"Wewe naandikia nani hii maneno?" akamuuliza.

Nabalayo akasema anamwandikia daktari. Mgonjwa akageukia ukuta. Kulikuwa na wagonjwa wengine wawili wa kupima kabla ya saa nne, na mwenzake Odera, Mkenya kama yeye, alikuwa ameshamnong'oneza kwamba tumbo lile ni ini lililoharibiwa na pombe kali ya waragi, wala hakuna la kutafuta. Basi akaandika mstari mmoja wa Kiingereza ambao tafsiri yake ni kwamba mishipa ya shingo iko kawaida. Akaenda zake.

Saa tano Daktari Kahambu alisimama mbele ya kitanda cha tisa na kundi lake. Odera alieleza habari ya ini, akaieleza vizuri. Daktari akasoma faili kimya, akalitazama taulo, akamtazama Nabalayo.

"Shingo yake umeiona?"

"Ndiyo, Daktari."

Alijisikia akilitamka neno lile, na akamwona mgonjwa akigeuza kichwa kutoka ukutani. Daktari alifunga faili. Alisema tu kwamba kesho ataanza na kitanda hiki, na kwamba mwenye faili ndiye atakayewaonyesha wenzake.

Saa tisa Nabalayo alirudi wodini peke yake, akavuta kiti. Mgonjwa akamgeukia.

"Leo umedanganya mkubwa wako mbele yangu. Mimi naficha, wewe nadanganya. Sasa mtu mubaya ni nani?"

Nabalayo alisema ni yeye. Kisha, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kumwonyesha kwamba hapeleki habari zake popote, alilifungua faili na kumsomea, mstari kwa mstari, akiyageuza maneno yote kwa Kiswahili: mapigo ya moyo, rangi ya macho, maji ya tumboni, hata pale alipoandika kwamba mgonjwa si wa kuaminika. Hapo mtu yule alitoa sauti iliyokaribia kicheko. Walipofika kwenye mstari wa shingo, Nabalayo aliukata kwa kalamu akiwa anatazamwa, akatia sahihi yake pembeni.

Mgonjwa akatoa pini mwenyewe.

Chini ya taulo kulikuwa na kovu jeusi lililozunguka koo kutoka sikio hadi sikio. Alieleza kwa maneno machache. Hakuwa Otim, bali Oyet. Alikuwa askari wa jeshi la serikali iliyopita, lililoshindwa miaka miwili nyuma. Walipokuwa wakikimbilia kaskazini, watu waliowakamata njiani waliwafunga watano kwa kamba moja, shingo kwa shingo, wakaikaza, na yeye peke yake ndiye aliyeamka. Tangu hapo alikuwa mlinzi wa bohari ya makaa, na yeyote aliyeliona kovu lile aliuliza lilitoka wapi.

Nabalayo alilisikiliza lote. Lakini jicho lake, lililokuwa limeanza kufundishika, lilivutwa na kitu kingine. Juu ya kovu mishipa ya shingo ilikuwa imevimba hadi chini ya sikio, hata mtu alipokaa wima. Na kila alipovuta pumzi, badala ya kushuka kama walivyofundishwa, ilipanda. Hakujua maana yake. Alijua tu kwamba ini peke yake halifanyi hivyo.

Asubuhi alitangulia kusema kabla hajaulizwa: jana sikuiona shingo, niliandika uongo. Daktari Kahambu akahamia kwenye Kiswahili.

"Mgonjwa akikudanganya, hiyo ni dalili, utaichunguza. Wewe ukidanganya, mimi natibu nini? Utarudia wiki ine kwenye wodi yangu. Sasa onyesha."

Oyet aliwaruhusu. Walipita mmoja mmoja, wakaona mishipa ikipanda na pumzi, wakasikiliza moyo uliopiga kwa mbali kama unaosikika kupitia blanketi. Daktari akaeleza kwamba moyo hukaa ndani ya mfuko, na mfuko ule ukishikwa na kifua kikuu huweza kukauka na kuubana, ukashindwa kupanuka. Damu inayorudi hukosa pa kuingia, shingo ikavimba na tumbo likajaa maji, na kila mtu akalilaumu ini. Picha ya eksirei haikuonyesha chokaa, ule ugumu wa ugonjwa mkongwe, kwenye mfuko. Akasema hilo ni jambo jema, pengine dawa zitauwahi. Oyet akaanzishiwa dawa za kifua kikuu na za kupunguza maji.

Siku ya sita ya dawa hizo, mwanamume mrefu aliyevaa sare ya polisi alisimama mlangoni mwa wodi na mwanamke aliyebeba kopo. Alimwuliza Nabalayo kama kuna mtu wa kaskazini anayeitwa Oyet, mwenye alama shingoni. Nabalayo alisema hakuna. Akasema pia kwamba jina hilo hajawahi kulisikia, jambo ambalo hakuulizwa. Polisi akashukuru, akasema watarudi kuuliza kwa wauza makaa wa Kalerwe waliowaelekeza hospitali.

Alipomweleza Oyet, alidhani atashukuriwa.

"Mama alibeba nini?" Oyet akauliza.

"Kopo. Nadhani ni simsim ya kusaga, ule ufuta wa watu wa kwenu. Nilisikia harufu yake."

Oyet akasema ni Joska, mke wake, na yule mrefu bila shaka ni Abwola, shemeji yake, ndugu wa Joska. Alikuwa amewaacha makusudi, maana Abwola alipokelewa katika polisi ya serikali mpya na yeye hakujua tena shemeji yake yuko upande gani. Hata sasa hakujua.

"Niwaite?" Nabalayo akauliza.

"Ita mama."

Nabalayo alishuka hadi Kalerwe mchana uleule. Kati ya mafungu ya mihogo na magunia ya makaa aliuliza kwa Kiluganda chake kibovu, kisha kwa Kiswahili, na kila alipouliza watu walikuwa na kazi nyingine ya kufanya. Mwanamke mmoja alimwuliza anatumwa na nani. Mwingine alimwambia Wakenya warudi kwao. Alizunguka saa nzima, akaketi juu ya kreti tupu, amechoka, na hapo kivuli kikasimama mbele yake.

"Wewe ni wa hospitali," Joska alisema. "Ulisema hayuko, na macho yako ikaenda kitanda ya kona. Nilimwambia ndugu yangu, yeye akasema nimeota."

Walipanda pamoja kilima cha hospitali. Joska hakulia alipofika. Alisimama miguuni pa kitanda, akamtazama mumewe muda mrefu kuliko dakika tano zozote za Daktari Kahambu, kisha akaomba kijiko kwa muuguzi wa wodi, Sista Amito, na kuanza kumlisha.

Abwola alingoja nje kwenye baraza siku mbili. Oyet hakutaka kuiona sare ile. Siku ya tatu alikuja na shati la kawaida na kuruhusiwa kuingia, na Oyet alimwuliza maswali moja baada ya jingine, kwa sauti ya chini, kwa Kiacholi: bila shaka nani alimtuma, nani anajua, nani mwingine yuko hai. Nabalayo hakuelewa neno. Aliona tu kwamba Abwola aliyajibu yote, na kwamba mwishoni alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda.

Baada ya wiki saba Oyet alitoka akitembea, tumbo limeshuka, akaenda kuishi kwenye nyumba ya Abwola katika kambi ya polisi. Alirudi kila mwezi kuchukua dawa. Karani alipolisoma jina la Otim kwenye faili kwa sauti, Oyet aliinuka na kuitika, wala hakuna aliyelisahihisha.