Aliyeng'oa Ulezi

Ulezi ukiwa mchanga hufanana na magugu kama watoto pacha, na kijiji kizima hakikuwa na mtu wa kuutambua kumshinda Bibi Ulezi. Jina lenyewe alipewa kwa utani, likamganda. Mkazamwana wake alipoolewa hakujua mbele wala nyuma. Ni huyo bibi aliyemwinamisha shambani na kumwonyesha rangi ya shina pale linapogusana na udongo. "Taratibu, mwanangu," alimwambia, "magugu hayakimbii."

Sasa mkazamwana alisimama katikati ya shamba, mdomo wazi. Katika mistari ya bibi, magugu yalikuwa yamejipanga kwa raha zao, na ulezi umelala kando, umeng'olewa, umenyauka. Macho ya bibi yalikuwa yamekwisha, na hakuwa amemwambia mtu.

Mume wa mkazamwana angejua, bibi angenyang'anywa jembe siku hiyo hiyo. Tayari alikuwa akisema mama amezeeka, akae nyumbani achambue mboga. Na mama mwenyewe alishaapa kwamba siku atakayokalishwa nyumbani, waanze kumchimbia kaburi. Mkazamwana alimwamini. Basi akawa anawahi shambani kabla ya watu, anapanda upya miche yenye uhai kidogo, anang'oa magugu, anaomba mvua. Akirudi, mgongo unamuuma, na haambii mtu.

Lakini shamba halifichiki. Siku moja mume akaja, akakuta mistari imebaki mapengo matupu, akawaka.

"Nani kafanya haya? Mwaka huu tutakula nini?"

Bibi alikuwa pale pale, jembe mkononi. Mkazamwana akapiga hatua mbele.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya kwenda wapi? Miaka yote hii hujui ulezi? Mama kakufundisha nini, kucheza?"

Alimwaga maneno mpaka akaishiwa. Mkewe aliyapokea ameinamisha kichwa, na yalimuuma sana, maana kosa halikuwa lake.

"Basi, baba, mwache," Bibi Ulezi akaingilia kati kwa huruma. "Nani asiyekosea? Ngoja nimwonyeshe tena."

Akapiga magoti, akapapasa, akang'oa miche miwili, akainua mmoja kila mkono.

"Tazama, mwanangu. Hili gugu, tupa. Huu ndio ulezi. Umeuona?"

Alichokiita ulezi kilikuwa gugu.

Mkazamwana hakuthubutu kuinua uso. Mume aliutazama mkono wa mama yake, kisha ile mistari, kisha mikono ya mkewe iliyochubuka, na hasira yote ikamtoka mwilini. Alifungua mdomo. Mkewe akamshika kanzu kwa nyuma, akaivuta kidogo.

"Na wewe, baba, umeuona?" bibi akauliza. "Au umeshausahau?"

"Nimeuona, mama."

"Haya, urudishe ardhini kabla haujafa."

Akalipokea gugu. Akapiga magoti mbele ya mama yake, akachimba kishimo kwa kidole, akalipanda pale alipoonyeshwa, akalishindilia udongo vizuri. Alikuwa analia, na mama yake, uso kwa uso naye, alikuwa anatabasamu.